Kilima cha NaNa: bibi wa Florida aliyeanza somo la mazingira na bima ya maisha

Kwenye kisiwa cha Amelia, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Florida, kuna kilima cha mchanga kinachofika futi 60, yaani mita 18 hivi. Kinatajwa kuwa kirefu kuliko vyote katika jimbo hilo. Upande wa bahari utaona mchanga na nyasi ndefu zenye masuke yanayoinama kwa upepo; upande wa nyuma kuna vichwa vya mialoni iliyolazwa na upepo huohuo wa chumvi.

Mwalimu wa mazingira akifika hapo na darasa lake, kazi yake ni nyepesi. Ataeleza jinsi upepo unavyobeba mchanga na jinsi mizizi ya nyasi inavyoushika, na kwa nini sheria ya Florida inakataza kung'oa yale masuke. Ataongeza habari za kasa wanaopanda ufukweni kutaga wakati wa kiangazi, na nyangumi wanaokuja kuzaa karibu na pwani hiyo miezi ya baridi. Saa moja imekwisha, watoto warudi kwenye basi.

Bi MaVynee Betsch, bibi aliyeishi ufukweni hapo na kukipigania kilima hicho, asingeanza hapo. Yeye angeanza na bima ya maisha.

Nimekichagua kisa chake kwa sababu swali la namna ya kuwafikisha Wamarekani Weusi, Walatino na wengine kwenye elimu ya mazingira hujibiwa haraka mno. Majibu ni yaleyale: picha za watoto wa rangi mbalimbali kwenye vipeperushi, nauli ya basi, na mzee mmoja anayealikwa kutoa ushuhuda wa dakika kumi kabla ya chakula cha mchana. Siyakatai. Lakini yote yanaliacha somo lenyewe kama lilivyokuwa. Bi MaVynee alilishika somo na kuligeuza, na ukifuatilia alivyofanya unaona kwamba mwaliko wa dakika kumi haukutosha tangu mwanzo.

Kwa nini bima

Mwaka 1901, mjini Jacksonville, wanaume saba Weusi walianzisha kampuni ya bima, Afro-American Life Insurance Company. Mmoja wao alikuwa Abraham Lincoln Lewis, aliyezaliwa 1865, mwaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomalizika. Kampuni iliuza bima ndogondogo za maziko na maradhi kwa watu ambao makampuni ya wazungu yaliwakataa au yaliwatoza zaidi. Lewis akawa miongoni mwa Weusi wa kwanza wa Florida kumiliki mali ya dola milioni.

Wakati huo karibu fukwe zote za jimbo zilikuwa za wazungu. Mpishi, dobi au mwalimu Mweusi aliishi maili chache kutoka Atlantiki na hakuwa na mahali pa kutia mguu majini. Mwaka 1935 mfuko wa pensheni wa kampuni ile ukanunua ekari 33 za ufukwe kwenye kisiwa cha Amelia. Kufikia 1946 ardhi ilikuwa imefika ekari 216. Pakaitwa American Beach. Mitaa ikapewa majina ya familia ya Lewis na ya waanzilishi wenzake wa kampuni. Tangazo la mahali hapo liliahidi starehe na mapumziko bila kudhalilishwa, na mtu aliyezoea kupiga kambi popote apendapo hawezi kuelewa uzito wa ahadi hiyo. Mabasi yalikuja Jumapili yamejaa watu wa makanisa. Usiku watu walikwenda klabu ya Evans' Rendezvous kusikiliza muziki. Ray Charles na Cab Calloway wanatajwa miongoni mwa waliofika.

Sasa rudi kwenye kilima. Kimesimama ndani ya ardhi hii. Watoto waliokipanda na kujiviringisha hadi chini walikuwa wamelipiwa mchanga ule senti kwa senti na wazazi wao, kwa ada ya bima iliyokusanywa mlango kwa mlango. Huwezi kueleza kilima kilivyosalia bila kueleza ni nani alikinunua na kwa nini alilazimika kununua.

Halafu ikaja 1964. Julai ilipita Sheria ya Haki za Kiraia, iliyofungua milango mingi. Septemba kikaja kimbunga Dora, kikaharibu nyumba nyingi za pwani ile. Mambo mawili katika mwaka mmoja, moja la heri na moja la shari, na yote mawili yakaipunguzia watu American Beach. Sheria iliyowapa Weusi haki ya kwenda fukwe nyingine iliwanyima sababu ya kuja hii. Miaka iliyofuata, kisiwa kikajaa mahoteli na viwanja vya gofu, na ardhi ya jirani ikaanza kuuzwa kwa bei ambayo mjane mwenye kibanda cha mbao hawezi hata kuilipia kodi.

Mtu mwenyewe

MaVynee Betsch alizaliwa Jacksonville mwaka uleule wa 1935. Alikuwa kitukuu cha Lewis. Alisoma muziki chuo cha Oberlin, akahitimu 1955, akaenda Ulaya na kuimba opera, hasa Ujerumani, kwa takriban miaka kumi. Dada yake, Johnnetta Cole, ni mwanaanthropolojia aliyekuja kuwa rais wa chuo cha Spelman. Ni familia ya watu waliosoma na waliokuwa nacho, kwa hiyo lile wazo kwamba mtu hulinda ufukwe kwa kukosa kazi nyingine halimhusu.

Aliporudi nyumbani akaugawa urithi wake, unaokadiriwa kufika dola 750,000, karibu wote kwa mashirika ya mazingira. Akahamia American Beach. Kuna kipindi alilala ufukweni kwenye kiti cha kujinyoosha. Baadaye akawa na gari la kuishi, lililogeuka kuwa makumbusho yake, limebandikwa maandishi kila mahali. Nywele zake zilifika futi 7, zimesokotwa na kupambwa kwa makombe na beji za kampeni. Kucha za mkono mmoja alizifuga hadi zikajikunja. Jina lake la kuzaliwa, Marvyne, alilitoa herufi R kwa kumkasirikia rais Ronald Reagan na sera zake za mazingira, akaongeza E moja kwa ajili ya neno mazingira, ambalo kwa Kiingereza huanza na herufi hiyo. Watu wakamwita Bibi wa Ufukweni.

Wapo waliomwona amerukwa na akili. Mimi naziona nywele zile kama zana ya kufundishia, tena kuliko bango lolote la hifadhi. Mgeni aliyekuja kuogelea aliona mwanamke mrefu Mweusi mwenye futi 7 za nywele zilizojaa makombe, akauliza. Akishauliza, amekwisha. Alitembezwa mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba: hii ilijengwa na nani, yule alikuwa na kazi gani, huyu mjane anadaiwa kodi kiasi gani, na kile kilima pale kinaitwa NaNa.

Jina hilo alilitoa kwa Waakan wa Ghana. Kwao Nana ni heshima ya mzee, babu au bibi, na hata ya chifu. (Kiswahili cha zamani nacho kina nana, bibi mwenye heshima zake. Ni bahati tu, lakini msomaji wa Kiswahili analisikia jina bila kutafsiriwa.) Kukipa kilima jina la bibi kunaweza kuonekana kama ushairi tu. Lakini tazama lilivyofanya kazi kwenye mikutano ya mipango miji. Mpaka hapo kilima kilikuwa namba ya kiwanja kwenye ramani, na kiwanja huuzwa. Baada ya hapo, aliyetaka kukichimba alilazimika kusema mbele ya watu kwamba anataka kumchimba Nana.

Ukoo ndani ya hifadhi

Maili chache kusini mwa Amelia, kwenye kisiwa cha Fort George, kuna shamba la zamani la Kingsley. Liko ndani ya hifadhi ya Timucuan, iliyoanzishwa 1988 chini ya idara ya hifadhi za taifa. Mmiliki wake, Zephaniah Kingsley, mwaka 1806 alimnunua, mjini Havana, Cuba, msichana wa Kiwolofu wa miaka 13 kutoka Senegal, Anta Majigeen Ndiaye. Alizaa naye, na mwaka 1811 akamwandikia uhuru. Anajulikana kama Anna Kingsley, na yeye mwenyewe baadaye alimiliki watumwa. Historia haikubali kusafishwa.

Mke wa A. L. Lewis, Mary, alikuwa kitukuu cha Anna. Bi MaVynee alikuwa kitukuu cha Mary. Hesabu mwenyewe: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza, na yeye anakuja hatua moja baada ya kilembwekeza.

Mabaki ya vibanda 25 vya watumwa bado yapo pale, yamejipanga kwa nusu duara. Kuta za vibanda hazikujengwa kwa matofali. Watumwa walichoma makombe ya chaza kupata chokaa, wakaichanganya na mchanga, maji na makombe mazima, wakaimimina kwenye fremu za mbao tabaka juu ya tabaka. Mtu wa Lamu au Kilwa aliyeona tanuri la chokaa la matumbawe ataielewa kazi hiyo bila maelezo mengi. Makombe yenyewe yalichotwa kwenye marundo yaliyoachwa na Watimucua, wenyeji wa pwani ile, waliokula chaza hapo kwa karne nyingi kabla ya mzungu kufika.

Weka kiganja kwenye ukuta ule na utagusa mambo manne kwa pamoja: chaza na kinamasi chake, wenyeji waliotoweka, mikono ya watumwa, na bibi aliyeuanzisha ukoo wa mwanamke mwenye nywele za futi 7. Mwalimu wa baiolojia ataanza na chaza, wa historia na watumwa, kila mmoja katika kipindi chake. Bi MaVynee hakuwa na vipindi viwili. Kwake mchanga na ukoo vilikuwa habari moja, na mtoto Mweusi anayesikia habari hiyo hawezi kuambiwa kwamba "anakaribishwa" kwenye mazingira. Anakaribishwaje mwenye nyumba?

Hapo ndipo ninapoona tofauti na mipango mingi ya elimu jumuishi. Neno lenyewe linamweka mtu mmoja ndani na mwingine mlangoni, halafu linamsifu wa ndani kwa kufungua. Mzee wa namna hii anaonyesha kwamba aliye mlangoni aliwahi kuwa ndani, na kuna aliyemtoa.

Waliokatazwa maji

Kutolewa huko kuna tarehe zake. Chicago, 27 Julai 1919: kijana wa miaka 17, Eugene Williams, yuko kwenye chelezo katika ziwa Michigan, maji yanamsukuma kuvuka mstari usioonekana wa ufukwe wa wazungu. Anarushiwa mawe, anazama. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38. St. Augustine, Florida, kiangazi cha 1964: Weusi wanaingia baharini kwenye ufukwe wa wazungu kwa makusudi, na wanapigwa wakiwa majini. Bibi aliyekuwa msichana mwaka huo bado yuko hai katika familia nyingi, na bado anawaambia wajukuu wasisogelee maji.

Matokeo yake yanahesabika. Utafiti uliotolewa 2017 kwa ajili ya shirikisho la kuogelea la Marekani ulikuta asilimia 64 ya watoto Weusi hawajui kuogelea au wanajua kidogo sana, dhidi ya asilimia 40 ya watoto wa kizungu. Mwalimu asiyejua historia hiyo anaona mtoto aliyeng'ang'ania mchanga na anaandika "hana mwamko". Bibi wa mtoto yule angemwambia mwalimu kwa dakika mbili tatizo liko wapi.

Ni hivyohivyo kwa neno hifadhi. Mpenda mazingira akisikia ekari mia zimetengwa hufurahi. Katika pwani yote kuanzia North Carolina hadi Florida, familia za Weusi zimepoteza ardhi kwa njia inayochosha kuieleza: babu anakufa bila wosia, warithi wanakuwa arobaini, mmoja aliye mbali anauza sehemu yake, mnunuzi anaiomba mahakama iuze shamba zima. Watu waliopitia hayo wakiona kibao kipya na uzio mpya hawaanzi kwa kushangilia.

Mwaka 2004

Kufikia hapo kilima kilikuwa kimeingia mikononi mwa kampuni ya mji wa kitalii uliopakana na American Beach. Bi MaVynee aliandika barua, akaenda vikaoni, akatembeza waandishi wa habari, kwa miaka. Mwaka 2002 American Beach iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Mwaka 2004 NaNa na ekari zake 8.5 vilikabidhiwa kwa idara ya hifadhi za taifa, vikawa sehemu ya Timucuan. Tarehe 5 Septemba 2005 Bi MaVynee alifariki, ana miaka 70.

Wengi huishia hapo, kwa shangwe. Mimi naona hesabu isiyolingana. Ekari 8.5 kati ya 216. Sehemu kubwa ya mawasiliano, ziara na kumbukumbu iliendeshwa na mwanamke mmoja asiye na mshahara, aliyefikia kulala ufukweni. Makumbusho yenye jina la A. L. Lewis yalifunguliwa American Beach mwaka 2014, miaka tisa baada ya aliyeyaota kufariki. Ni mangapi aliyokuwa akiyasema barabarani kila siku, nani aliishi wapi na alipanda mti gani, yaliyopita bila kuandikwa?

Linganisha na Betty Reid Soskin wa Richmond, California. Alizaliwa 1921. Idara ileile ya hifadhi ilipokuwa ikipanga bustani ya kumbukumbu ya wafanyakazi wa viwanda vya vita, alikuwa kwenye vikao, akiwa Mweusi pekee chumbani, na ndiye aliyeona kwamba majengo yanayotajwa yalikuwa majengo ya ubaguzi. Kumbukumbu hizo hazikuwa kwenye makaratasi ya mpango. Alizisema. Badala ya kumshukuru na kumrudisha nyumbani, idara ilimwajiri, ikampa sare na kofia, akawa anasimama mbele ya wageni hadi alipostaafu 31 Machi 2022, ana miaka 100. Mzee yuleyule wa aina ileile, ila huyu alikuwa na hati ya malipo mwisho wa mwezi, na kabla ya hapo alikuwa na kiti mezani mpango ukiandikwa.

Ninasema haya nikiwa na deni langu mwenyewe. Nimewahi kupeleka darasa kwenye mikoko nikiwa na chati iliyochapishwa vizuri, majina ya kisayansi yote. Bibi mmoja aliyekuwa akirudi kuchokoa pweza alisimama kutusikiliza, kijiti begani. Nilimwamkia shikamoo, nikaendelea na chati. Mtoto mmoja alimwuliza mti ule unaitwaje, akajibu mchu, na ule mlilana, na huu mkandaa, gome lake linatiwa rangi, na pale palipo wazi palikatwa lini na nani. Nilimsikiliza kwa adabu huku nikitazama saa. Chati bado ninayo. Yeye sikumwuliza hata jina.

Somo ambalo ningelifundisha pale

Kama ningepewa darasa la watoto wa Jacksonville na kilima kile, nisingewapeleka siku ya kwanza. Ningewatuma nyumbani na swali la kumwuliza mtu mzima kuliko wote katika familia: uliwahi kukatazwa kuingia majini, na ni wapi? Lazima liwe na mahali, ili tuweke alama kwenye ramani. Wenye asili ya Haiti, Meksiko au Kongo wataleta majibu ya mito na maziwa mengine, na ramani itabidi iongezwe karatasi. Watoto wa kizungu nao waulize. Kuna babu waliokuwa upande wa pili wa kamba, na wengine watasema.

Siku ya pili ningemwalika mmoja wa wazee hao, kwa malipo yaleyale anayolipwa mtaalamu wa kasa, aketi na mimi kupanga njia ya kutembea. Akisema tuanzie kwenye nyumba ya fulani na wala si kwenye mchanga, tutaanzia hapo. Mtaalamu wa kasa atakuja na zamu yake itafika.

Siku ya tatu tungekwenda. Tukifika chini ya kilima nisingesema neno mpaka mzee amalize. Halafu ningewaonyesha mizizi ya zile nyasi, jinsi suke moja linavyoshika mchanga uliokuja na upepo wa jana.

Na kwenye begi ningebeba taulo za ziada, maana watataka kuingia majini.